Kikopo cha Mtindi

Raili, dada yangu,
jana nilikikata kikopo chako cha mtindi kwa mkasi,
kile ulichokiacha kwenye sinki ukiiwahi tramu.
Vipande nikavitia chupani, nikavimiminia spiriti,
nikavilaza usiku kucha
kama mtu anayeloweka maharage.

Kulipokucha, maji yalikuwa maangavu.
Hayana rangi, hayana harufu, hayana hatia:
ndivyo yalivyosema macho,
na macho ni mashahidi wa kuhongeka.

Nimekwisha kufanya hivi kwa vikopo vingi.
Tone moja kisahanini, mlimolala seli changa
zisizojua bado zitakuwa nini.
Siku ya nane nazitia rangi, nachungulia,
na safari nyingine nazikuta zimeshiba mafuta,
vitone vyekundu vinang'aa
kama zile beri za msituni nyuma ya Tampere,
mama akituhimiza: kuleni, hizi ni za bure.

Si kila kisahani. Si kila kikopo.
Bwana Hietala huandika pembeni, kwa penseli:
*huenda*.

Neno dogo. Nimelitia mfukoni, linanichoma.

Maana wewe umebebeshwa jingine, miaka ishirini:
*jizuie*.
Daktari alilitamka akitazama mizani, si uso wako.
Shangazi Aune alikukatia keki,
kisha akakupokonya kwa macho.
Nami nililisema, Krismasi ile, ndani ya sauna;
ukajifunga taulo mpaka shingoni
na hukuoga nasi tena.

Sisemi kikopo ndicho.
Uzito una baba wengi:
zamu za usiku, giza la Novemba, damu ya ukoo,
mkate na siagi yake.
Na kisahani si mwili.
Ila tulikuhukumu peke yako
ilhali mezani mlikuwa wawili,
wewe na chombo.
Kikulacho ki nguoni mwako, tulijua;
nani angekitafuta kwenye kifuniko?

Jumapili nakuja.
Nitaleta supu ya samaki katika sufuria ya bibi,
ile nzito, iliyobabuka ubavuni,
nitaipakata tramuni mpaka mapaja yaungue.
Sitakuhutubia juu ya plastiki.

Ukipenda, tuwashe sauna.
Taulo nitaliacha mlangoni, langu.
La kwako, utakavyo.