Mifuko Itolewe Vitu

Mtaa wenyewe unaitwa Ghala,
na ghala letu limo humo, nyuma ya duka la matairi,
feni tatu, ya nne imekufa.
Julai ya Maskati, saa nne usiku,
joto bado limekaa mlangoni kama mdai,
na sisi tunakunja makoti ya sufi.

"Mzigo ukifika kule kutakuwa na theluji,"
kasema Muhannad, kijana wa zamu, mjukuu wa Bi Ghaliya.
Kiswahili chake ni cha jikoni, cha njoo ule na funga mlango,
lakini amri anazipatia:
Zipu zijaribiwe. Madoa yatengwe.
Mifuko itolewe vitu.

Mwanzo nilitoa kwa simu. Riali ishirini.
Nikabonyeza, kioo kikamshukuru "mfadhili mpendwa",
na chai haijapoa nilikwisha sahau.
Hilo ndilo lililonileta hapa.
Mimi muuguzi mstaafu, mikono yangu imezoea
nguo za watu wasiokuwapo.

Watu wametoa, wametoa kweli,
na wengine wamepunguza kabati.
Kuna gauni la shanga. Kuna viatu vya visigino kama misumari
kwa wanawake waliotembea siku kumi na moja.
Salha alicheka hata akakaa juu ya marobota,
kisha akanyamaza.
"Labda yuko mmoja angevipenda."
Tukaviweka kando. Hatukuvitupa.

Mifukoni: leso, kibanio, bisa mia,
kokwa ya tende iliyofungwa karatasi na mtu mwenye adabu.
Na saa tano kasoro, katika koti dogo la buluu,
orodha ya dukani, mwandiko wa haraka:
vitunguu, maziwa, betri mbili ndogo.
Chini yake, kwa kalamu nyengine, herufi kubwa zilizopinda:
na ile biskuti ya jana.

Muhannad akasogeza pipa.
Nikamwambia subiri.

Mama alishushwa Kuwait siku za baridi,
mwaka tuliotoka Unguja na birika na msahafu,
mimi mgongoni, sikumbuki lolote.
Walimpa koti kwenye foleni. La kahawia, la kiume.
Kifungo cha tatu hakikufanana na wenziwe.
Mfukoni, tiketi ya treni, imetobolewa tundu moja,
kwa maandishi asiyoyajua.

Koti likesha. Likawa mto, likawa dekio, likawa si kitu.
Tiketi akahama nayo nyumba kwa nyumba
hadi Matrah, ndani ya kopo la udi.
Mgeni ajuaye herufi za kigeni ataonyeshwa kabla ya kahawa.
Mmoja alisema ni jina la mji, mwengine akasema ni bei.
Mama hakujali.
"Alikuwa na safari yake huyu," akisema, "na akavua koti."
Jina la shirika alilisahau,
na mablanketi yaliyopigwa mhuri.
Lakini huyo akimwombea dua hata mwaka aliokufa,
akimwita Yule wa Kifungo.

Sikumweleza Muhannad yote hayo.
Mifuko ilikuwa imejaa hadi mlangoni
na kijana ana mtihani asubuhi.
Nikamwambia tu, "Hili tayari,"
nikaikunja karatasi mara nne,
nikairudisha ilikotoka, nikafunga zipu,
nikaijaribu mara ya pili, kama nilivyoamriwa.

Mungu anisamehe uongo.
Na atakayelivaa anisamehe vitunguu na maziwa,
maana tumboni kukiwa kutupu
orodha ya chakula cha mtu ni tusi.
Hilo nimelifikiria. Nalifikiria bado.

Salha aliniona.
Akalichukua koti, akaliweka rundo la miaka sita hadi minane,
akavuta jengine,
akaanza na mifuko.