Mkataba wa Lifti

Shahada ya uzamili ipo. Nimeiweka kabatini,
chini ya pasi ya nguo, isipeperuke.
Uhusiano wa Kimataifa, muhuri wa buluu,
na tasnifu ya kurasa mia moja na arobaini
kuhusu mpaka uliochorwa kwa penseli
katikati ya zizi la ng'ombe wa mtu.

Tulikuwa saba darasani.
Tarcisio alipata Brussels: anabeba mafaili ya wakubwa
na anajua kwa moyo nani hali karanga.
Mirjam aliomba ubalozini mara nne; ya tano
wakamwambia umri umempita kwa miezi miwili.
Sasa anauza bima za meli, naye husema, bila kucheka,
kwamba bahari haina siasa, ina ankara.
Edvin yuko kambini, mpakani mwa Bosnia.
Huniandikia usiku: "Leo jozi mia mbili na sita za viatu.
Hakuna aliyetufundisha viatu."

Mimi, Ondina Gherbaz, niliandika barua sitini na tatu.
Geneva, Vienna, The Hague.
Yakaja majibu kumi na moja,
yote yakianza na "Tunasikitika",
kama rambirambi za mtu asiyemjua marehemu.
Mafunzo bila malipo yapo, wakasema.
Mkono mtupu haulambwi,
na kodi ya nyumba hailipwi kwa uzoefu.

Basi nasimamia majengo hapa Trieste.
Namba kumi na tisa, barabara ya mteremko:
ghorofa tano, kaya kumi na mbili,
lifti moja, imekufa.

Wa chini wanasema: hatuipandi, hatulipi.
Wa juu wanaonyesha magoti yao.
Wa kati, kama nchi zote za kati,
wanangoja waone upande gani utashinda.
Bwana Vascotto wa chini na Bi Argia wa juu kabisa
hawasemezani tangu mwaka bomba lilipopasuka.
Wanaachiana vikaratasi kwenye sanduku la barua,
navisoma kama nyaya za siri za mabalozi.
Kila kimoja huanza: "Mwambie yule."

Ulipokuja upepo wa bora,
ule unaoangusha pikipiki
na kuwarudisha wazee kwenye somo la kutambaa na ukuta,
nikaitisha kikao chumba cha boileri.
Viti vya plastiki, duara,
pasiwe na kichwa cha meza.

Sikuuliza wanataka nini.
Niliuliza wanaogopa nini.

Boileri ikakohoa.
"Naogopa kufia kule juu," akasema Bi Argia,
"na wabeba jeneza wanilaani ngazi kwa ngazi."
Bwana Vascotto akaichungulia kofia yake, ndani,
kana kwamba jibu limeshonwa humo.
Kisha akataja pensheni yake, kwa tarakimu, mbele za watu,
jambo ambalo mtaani kwetu
ni sawa na kuvua suruali.

Hakuna aliyecheka.

Saa nne na dakika ishirini usiku tukaandika:
wa juu watalipa zaidi, wa chini kiasi,
na Vascotto atalipa kwa brashi,
atapaka kuta za ngazi
kama alivyopaka meli miaka thelathini.
Ibara ya saba, kwa ombi la Bi Argia:
rangi isiwe ya kijivu.
Saini kumi na mbili. Bendera hapana, mpiga picha hapana.
Mtu alileta biskuti, zilikuwa zimelainika.

Mama hupiga simu Jumapili:
utapata lini kazi uliyoisomea?
Namwambia lifti inapanda.
Inanung'unika ikifika ya tatu, kisha inaendelea.

Barua ya sitini na nne iko mezani.
Chini ya "ujuzi wa majadiliano" nimeandika: lifti.
Nimefuta.
Nimeandika tena.