Maji Hutoka Uani

Saa sita mchana, Utsjoki, Desemba.
Jua halichomozi; linatuma salamu tu,
wekundu mwembamba nyuma ya kilima,
kama mgeni aliyefika mlangoni akaghairi kubisha.
Kipimajoto cha ukutani: thelathini na moja chini ya sifuri.
Mama anavaa soksi ya tatu.

Risten, mama yangu, ana miaka sabini na miwili
na koleo lililofungwa utepe wa bluu mpinini.
Majira ya baridi ishirini na sita sasa
kituo cha utafiti kinamlipa kuhesabu majani ya puolukka,
kichaka kisichofika nusu ya muundi wa mtu,
matunda yake mekundu, makali kwa meno.
Hakusomea kazi hii. Waliuliza tu nani ajuaye
kichaka kilipo, theluji ikishafuta kila kitu,
naye akanyoosha kidole.

Tunachimba polepole.
Juu, theluji kavu kama unga.
Katikati, ngumu, inalia chini ya koleo.
Chini, punje kubwa kubwa za chumvi ya mawe.
Chini kabisa: kijani.

Si kijani cha Julai. Ni kizito, kina weusi,
kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi na mtu mmoja.
"Huku ni nyuzi nne tu chini ya sifuri," mama anasema,
kwa sauti ya mwenye nyumba anayejivunia dari lake.
Natumbukiza kipimanuru shimoni.
Asilimia mbili ya mchana
ambao wenyewe ni kijiko.
Na jani linakula hicho hicho.
Haba na haba, na kibaba hakijai;
kinatosha tu kisipungue.

Veikka, kijana wa kituoni, ndiye aliyetuchorea seli
juu ya karatasi ya kuchujia kahawa:
chumba, ukuta, ua.
Jani, alisema, haliishtukii baridi.
Tangu Agosti linasoma mchana unavyofupika,
linaweka sukari chumbani tone kwa tone,
linabadili mafuta ya utando wake
yasije yakaganda kama siagi.
Kisha maji yenyewe hutoka nje.
Barafu ikija inayakuta uani,
na huko iwe visu itakavyo;
ndani haina cha kukata.

Mama aliitazama karatasi ile hadi kahawa ikapoa.
"Na chumba kinabaki kikavu?"
"Kinanywea, ndiyo. Lakini kinabaki kizima."

Sijui yeye aliwaza nini.
Mimi niliwaza Mei ile, barafu ya mto Teno
ilipovunjika chini ya Ovllá, kaka yangu,
na mama hakulia ndani ya nyumba hata siku moja.
Alikuwa akienda kwenye banda la mashua.
Tulisikia ndoo zikigongana.
Tulisema ana roho ngumu.

Giza haliliui jani, Veikka aliongeza, akiwa tayari kavaa kofia.
Kiuacho ni Aprili:
theluji imeondoka, ardhi bado jiwe,
jua limerudi lote kwa mkupuo.
Nuru ile, kwa jani lililopoa,
ni karamu kwa mtu aliyefunga siku hamsini.
Basi jani hujipaka wekundu,
hukunja vyombo vyake,
nuru lisiyoiweza hulitoka kama joto,
na hungoja mizizi iamke.

"Arobaini na tatu," mama anasema. Mwaka jana arobaini na nne.
Naandika. Kalamu imeganda; naipumulia.
Anarudisha theluji kwa mikono, si kwa koleo,
punje kwanza, ngumu juu yake, unga mwisho,
akipapasa kingo kama anayetafuta miguu ya mtoto chini ya blanketi.

Nyumbani natangulia mlangoni, mkono ukutani, kwenye swichi.
"Usiwashe kwanza," anasema.
"Macho yangu bado yako kule."