Benchi la Wajawazito

Benchi la ultrasaundi hapa Tabora ni la wajawazito.
Nimebanana nao, na miaka yangu sitini na mitatu,
kiatu kimoja mkononi.

Binti wa Ipuli akanichungulia tumbo, akasita,
kisha kwa adabu: "Yako ina muda gani, mama?"
"Miaka minne," nikamwambia. "Ila nimeibebea unyayoni."
Benchi zima likacheka,
hata yule aliyekuwa akijishika kiuno.

Ilianza kama punje ya mtama.
Ikawa karanga. Ikawa kokwa.
Nikajifunza kukanyaga kwa ukingo wa mguu,
kama mtu anayenyata katika nyumba ya watu.
Shemeji Lugembe akasema nimekanyaga cha mtu.
Nikatoa jogoo mweupe, nikachanjwa, nikafukizwa.
Uvimbe ukala jogoo, ukanenepa.

Mwezi jana eksirei ilinianika mifupa
ikiwa imepangwa kama kuni za mke mpya.
"Mifupa mizima," akasema mpigaji. "Lakini mashine hii
haioni kila kitu. Rudi, uende chumba cha pili."

Chumba cha pili: giza, pangaboi linalokwaruza,
na kijana Mlekwa, aliyenipaka jeli ya baridi
hadi vidole vikajikunja vyenyewe.
Akapitisha kile kidude polepole,
kama anayepiga pasi kola ya shati la Idi.
Kwenye kioo, manyunyu ya kijivu. Wingu jeusi.
Ndani ya wingu, mstari mweupe,
mfupi kuliko njiti ya kiberiti,
ukiburuta kivuli chake.

"Mama, uliwahi kuchomwa na mwiba?"

Sikonge. Majani mabichi baada ya mvua.
Waliponiita, Mihayo kaanguka na mzinga,
nilikimbia bila ndara.
Nani huhesabu miiba siku kama ile?

Uingiapo mwiba ndipo utokeapo, husema watu.
Wangu haukuambiwa.

"Si saratani?"
"Sioni dalili yake. Mwili umeujengea nyumba tu.
Alhamisi watautoa, maabara ithibitishe."

Nikaomba picha. Akaitazama karatasi iliyobaki,
akanichapia.

Nje wanaonyeshana vichwa, migongo, ngumi ndogo.
Binti wa Ipuli akainama juu ya yangu,
akaigeuza, akaigeuza tena.
"Huyu kafanana na nani?"

Nikaweka ukucha kwenye ule mstari.
"Na baba yake."