Beseni la Arobaini na Tatu

Umeme umekatika tangu saa mbili,
Nguba ni giza hadi ziwani,
na betri yangu inasema dakika hamsini.
Zatosha, kama kosa litakubali kujionyesha.

Kosa lenyewe ni moja. Yaani namba moja.
Vichakataji viwili, kumbukumbu moja,
na katika kiini cha mfumo kaunta
inayopungukiwa, si kila mara,
labda mara moja katika laki tatu.
Nimesoma msimbo mstari kwa mstari:
kila mstari ni mwaminifu.

Ndipo nikauona mlango wa depo, Kadutu,
na hesabu ya sambaza kwa chaki nyuma yake.
Mama yangu, Nabintu, ametua beseni,
amesoma: arobaini na moja.
Mteja anabisha, anataka chenji.
Mama anageuka.
Mama Chekanabo anatua lake,
anasoma arobaini na moja,
anafuta, anaandika arobaini na mbili,
anashuka mtelemko na kanga yake mabegani.
Mama anarudi. Kichwani bado ana arobaini na moja.
Anafuta asichokitazama,
anaandika arobaini na mbili.

Jumamosi depo ililipa ilichokiona mlangoni.
Beseni la nani halikuwamo?
Miaka sita hawakusalimiana,
na matanga ya babu yalipita
bila Mama Chekanabo kuketi nasi.

Ningeweza kuweka kufuli.
Lakini kufuli huzaa foleni,
na anayengoja huzunguka palepale
akiuliza tayari? tayari? tayari?
huku akiila betri.
Kwa namba moja, yatosha amri ya kiatomi:
soma-ongeza-andika, pumzi moja,
pasiwe na ufa wa kupitisha hata bisho la mlango.

Nimebadilisha mstari mmoja.
Laki tatu. Laki sita. Milioni.
Haijapotea hata moja.

Dakika nne zimebaki. Nampigia.
Mama, hakuna aliyeiba.
Ni chaki tu, na mtu aliyebisha
kati ya jicho lako na mkono wako.

Ananyamaza, hadi nadhani mtandao umekatika.
Nasikia maji yakimiminwa kwenye bidoni.

“Sawa,” anasema. “Nimesikia.
Na beseni yangu, je?”