Kiungo

Mkanda umekatika saa tano, Igurusi,
na mpunga umemwagika nusu ya safari.

Ambakisye anapima kwa shubiri,
anakata mshazari.
"Ukikata wima utanirudia kesho."
Anakwangua raba hadi nyuzi,
anapaka solusheni, anakaa.
Kukaa nako ni kazi.

Mwenye mashine anapiga simu Chimala, anafoka.
Sisi wa foleni tumefunga mikanda tangu Februari;
leo tunaomba ufungwe huu mmoja.

Ribiti ishirini na mbili. Nimezihesabu.
Anapitisha kidole pale palipoungwa,
taratibu, kama anayekagua kovu la mwanawe.

"Washa."

Mpunga unapanda.
Kila kiungo kinapopita rola: tak.
Nimelala nyumbani, bado
tak.