Bawa la Injini

Mashua yangu ina tabia mpya ya kuinua pua.
Nikikaa tezi peke yangu, mkono kwenye mpini wa injini,
nikifungulia mafuta pale nje ya Dunga,
omo linapanda kama shingo ya ng'ombe aliyekataa josho,
nami sioni tena Usoma wala ndege inayotua,
naona mbao, na anga juu ya mbao.
Kisha linashuka, pwaa.
Kisha linapanda.
Jumamosi mgeni wa kuvua mbuta kwa fimbo
alishika kofia, akashika tumbo,
akauliza kwa adabu kama ziwa huwa hivi kila siku.
Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa.

Basi leo niko Kibuye, dukani kwa Makokha,
nachagua bawa.

Anayapanga kaunta, juu ya gazeti la juzi.
Hili jeusi, kipande kimoja, pana kama ungo:
elfu kumi na mbili, litakalia maji kama bata.
Haya pacha, kushoto na kulia, mapezi ya ngege hasa:
elfu sita, "lakini moja likilegea, mama,
utazunguka Winam mpaka Krismasi."
La alumini linang'aa. Naona uso wangu ndani yake,
sijapenda.

Nauliza ya kwangu.
Gugumaji litashikia wapi?
Na nikirudi kinyumenyume kukwepa nyavu za watu?
Makokha hajibu. Drili iko mkononi tayari.
"Matundu manne tu, pale juu ya propela. Dakika ishirini."

Manne tu.
Injini hii ni ya nguvu za farasi arobaini
na wanawake tisa.
Chama bado kinanidai miezi saba,
na Min Awuor huja ufuoni kila mwisho wa mwezi
kupapasa kifuniko chake kama anayepima homa.
Mtoto wa wenyewe humtoboi sikio
ati kwa kuwa umeshika sindano.

"Ilianza lini?" anauliza Makokha.
Nataka kusema: tangu propela mpya.
Ilianza Machi, Ogweno alipopanda ndege.

Ogweno, ndugu yangu, kilo mia na tano,
alikaa omo, magoti wazi, akitafuna muwa,
makapi akiyatema bila kujali upepo, yakinirudia usoni,
akisema, mimi ni nanga inayokula.
Sasa analinda mlango wa duka la saa huko Doha,
mkataba wa miaka miwili.
Katika ujumbe wa sauti anasema amepungua.
Mashua nayo inasema hivyo hivyo.

Nimejaribu mchanga, Makokha, usinifundishe.
Magunia mawili kutoka Nyamasaria.
Mchanga ni mzito, lakini haujui kona.
Ogweno alijua: kabla sijageuza mpini
bega lake lilikuwa limeshaegemea.

Wahenga wanasema uende tezi, uende omo, marejeo ni ngamani.
Wahenga hawakulipia injini kwa awamu.

Nimechukua la kijivu, ambalo hakulitoa mwanzoni
kwa kuwa halimpi kazi:
halitobolewi, linabana kwa skrubu pembeni.
Elfu kumi na tano. Nikapunguziwa mia tano kwa kununa.
Na spana namba kumi na tatu, ya kulifungia
na ya kulifungulia.

Saa kumi, nje ya Dunga, pua ilipanda kidogo, ikafikiri,
ikalala. Nikaona Usoma.
Kushoto inavuta bado, na mzizi wa gugumaji
umening'inia kwenye ncha kama ndevu.
Nilimtumia Ogweno picha.
Akakaa kimya saa nzima, labda zamu.
Kisha: Jembamba. Linakula nini?